Nguo ya Kuazima Haisitiri

Mwanafunzi mpenzi,

Muhula huu nimesahihisha makala za utafiti kuhusu lugha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tatu kati yake zilikuwa na aya moja ile ile, neno kwa neno, hadi kosa lake la tahajia. Mmoja wa waandishi hao amekulia Nakivale. Nyumbani husema Kibembe, sokoni Kiswahili, kwa majirani Kinyarwanda, nasi shuleni humdai Kiingereza. Hata hivyo, alipotakiwa kueleza hali ya lugha kwao, aliokota kwenye intaneti maneno ya mgeni. Mwenye lugha nne kinywani aliazima sentensi ya mtu asiyemjua ili ajieleze yeye mwenyewe! Nguo ya kuazima haisitiri.

Utetezi wako naujua: hatuna maktaba. Ni kweli rafu zetu ni tupu, na safari ya kutoka Kaberebere hadi Mbarara yahitaji nauli. Lakini jiulize: hivyo vitabu na ripoti kuhusu Nakivale vilitoka wapi? Viliandikwa na watu waliokuja kuwauliza wazazi wako maswali. Wao walivuka bahari kumfuata bibi yako. Wewe unakula naye kila jioni, wala humwulizi neno.

Basi anza na swali. "Lugha katika Nakivale" ni mada tu, haina swali ndani yake. Sikiliza kwanza. Wazee waliotoka mashariki ya Kongo husema "anasemaka" pale ambapo Kiswahili sanifu husema "husema". Je, vijana waliokulia hapa wameihifadhi hiyo -ka, au wameiacha? Huitumia kwa bibi na kuificha mbele ya mwalimu? Hilo ni swali: lina mipaka, na jibu lake hulijui bado.

Kisha shika daftari. Omba idhini kabla ya kuuliza, na ueleze utakachofanya na majibu. Usiandike jina la mhojiwa pasipo ruhusa yake. Aliyekimbia vita ana sababu ya kuogopa jina lake kuandikwa. Andika tarehe na mahali. Andika maneno kama yalivyotamkwa, usiyasahihishe. Usihoji watatu ukatangaza kwamba "Wakongo wote" husema hivi. Sema umehoji watatu.

Baada ya hapo rudi kwenye vitabu, sasa ukiwa na jambo la kuvidai. Utakuta kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo hutaandika kwamba bibi "anakosea". Utaandika kwamba lahaja yake haikuchaguliwa. Hoja hiyo haipatikani kwa kunakili. Na kila ulichokitwaa kwa mwenzako, mtaje: jina, kitabu, mwaka, ukurasa. Kumtaja hakukupunguzii heshima, bali humwonyesha msomaji ni wapi aishiapo mwenzako na ni wapi uanziapo wewe.

Pia usiamini chanzo kimoja. Kuhusu mwanzo wa Nakivale, wengine huandika 1958, wengine 1960. Mnakili huchukua mwaka anaokutana nao kwanza. Mtafiti huuliza: ni upi mwaka wa kuanza, na ni upi wa kutambuliwa rasmi? Mara nyingi vyanzo viwili vikigombana, ndipo utafiti unapoanza.

Nasi walimu hatuna mikono safi. Tunapotoa alama kwa wingi wa kurasa, tunamlipa mwizi kwa uzito wa gunia. Heri kurasa nne zenye swali moja lililojibiwa kuliko ishirini zilizookotwa. Mwalimu asiyeuliza "umelipata wapi jambo hili?" asishangae akiletewa aya moja mara tatu.

Usidhani ninagombania alama tu. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Vitabu vitahitajika, na ndani yake kutaandikwa namna sisi wa upande huu tunavyosema. Kama hutaandika wewe uliyesikia, ataandika aliyepita kwa gari siku mbili, na wajukuu wako watamnakili yeye wakidhani wanajisoma wenyewe.

Jioni ya leo, kabla hujafungua simu, keti na mzee mmoja. Mwulize neno moja ambalo vijana hawalitumii tena, na ni lini alilisikia mara ya mwisho. Liandike, pamoja na tarehe. Kesho niletee hilo daftari. Nitaanza kusahihisha hapo.