Titanic: tunayowasimulia watoto si yote ya kweli



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mazungumzo yaligeuka. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanatazama filme ya Titanic, na mmoja wetu akasema: "Ile meli ni Mungu aliyeizamisha, kwa sababu wenyewe walijisifu kwamba hata Mungu hawezi kuizamisha." Wengi tuliitikia. Tumesikia hivyo katika mahubiri, nasi tumewaambia watoto wetu. Ndipo mama mmoja kijana akauliza: "Na wale watoto wa maskini waliolala kule chini, wao walimkosea Mungu nini?" Kimya. Kila mtu akaanza kutafuta kitenge chake aende nyumbani.

Tumerudi kulichunguza jambo hilo.

Majivuno yalikuwako, lakini si yale. Mwaka 1911 gazeti moja la mafundi wa meli liliandika kwamba Titanic ni "karibu haiwezi kuzama", maana sehemu yake ya chini iligawanywa vyumba vyumba kwa kuta za chuma. Neno "karibu" watu wakalisahau. Maneno ya kumtukana Mungu hayamo katika matangazo ya kampuni. Yalienea baada ya ajali. Kuna na wanaosema meli ilibeba maiti ya kale ya Misri yenye laana. Hiyo pia si kweli: kitu kinachosemwa ni kifuniko cha jeneza, na usiku ule kilikuwa London, katika jumba la makumbusho. Na Jack na Rose, tusamehewe na binti zetu, ni watu wa kutungwa.

Meli iligonga mlima wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikazama baada ya saa mbili na dakika 40. Watu hudhani ilipasuliwa tundu kubwa. Kumbe zilikuwa nyufa nyembamba. Ukiziweka pamoja zote hazifikii ukubwa wa mlango wa nyumba. Lakini zilipita katika vyumba vingi mno vya chini, na maji yakajaa kimoja baada ya kingine.

Ndani walikuwa watu zaidi ya 2,200. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178. Hapa ndipo tuliposhangaa zaidi: kampuni haikuvunja sheria. Sheria ya Uingereza ilidai mashua 16 kwa meli yoyote inayozidi tani 10,000, na Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Meli zilikua, sheria ikabaki palepale. Tena hata hizo chache hazikujaa. Mashua ya kwanza iliweza kubeba watu 65. Iliondoka na kama 28. Nyingine ya watu 40 iliondoka na 12. Wengi waliogopa kuacha meli yenye taa na joto waingie gizani, na hakuna aliyewaeleza wazi kwamba inazama.

Tuje sasa kwenye lile tunalolipenda sisi wamama: "wanawake na watoto kwanza". Amri hiyo ilitolewa kweli. Lakini tazameni hesabu ya uchunguzi wa Uingereza. Wanawake wa daraja la kwanza walikuwa 144, wakaokoka 140. Wa daraja la tatu walikuwa 165, wakaokoka 76. Watoto wa daraja la tatu walikuwa 79. Waliookoka ni 27.

Walikuwa wahamiaji, wengi wao hawakujua Kiingereza. Vyumba vyao vilikuwa mbali na mashua, njia za kupanda hazikuwa wazi, na mageti yaliwatenga na wengine, maana sheria ya Marekani ilitaka hivyo kwa kuogopa magonjwa. Mhudumu mmoja, John Hart, aliwakusanya wanawake na watoto akawapandisha juu mwenyewe, kundi la kwanza, akarudi kuchukua la pili. Huyo mtu tungependa ahubiriwe zaidi kuliko laana ya Misri. Uchunguzi ulipofanyika London, abiria wa daraja la tatu hakuitwa hata mmoja kutoa ushahidi.

Na wengi hawakufa kwa kumeza maji. Walikuwa na jaketi za kuelea. Waliuawa na baridi, kwa sababu maji ya bahari ile yalikuwa baridi kuliko barafu inayoanza kuyeyuka.

Mwaka 1914 nchi mbalimbali zilikutana London zikapatana kwamba meli iwe na nafasi ya mashua kwa kila mtu aliyemo. Sisi tunaovuka ziwa na magunia ya maharagwe tunajua jinsi inavyokuwa kupanda boti bila kujua jaketi ni ngapi, na tukiuliza tunaambiwa, "Mama, panda tu, Mungu yuko."

Basi, mama kijana, wewe uliyetunyamazisha: watoto wale hawakumkosea Mungu kitu. Mashua zilikuwa chache, na wao walikuwa mbali nazo.

Likelemba ni Alhamisi, palepale. Filme tutaitazama mpaka mwisho, watoto waje nao.