Kujua Unachomeza ni Haki Yako



Katika kuwatembelea wagonjwa, tulimkuta mama mmoja mzee ambaye kila alipoinuka kitandani alishikwa na kizunguzungu, hata siku moja akaanguka. Jamaa zake walidhani presha imepanda, kumbe ilikuwa imeshuka mno. Mezani palikuwa na pakiti mbili: moja ya amlodipini aliyoizoea, na nyingine ya kidonge kipya chenye amlodipini pamoja na dawa ya pili ndani yake. Kila asubuhi alimeza vyote viwili. Aliyempa kidonge kipya hakumwambia aache kile cha zamani, naye hakuthubutu kuuliza.

Twasema wazi: mama huyo hakukosa, bali alikosewa.

Hatuna ugomvi na dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unapendekeza dawa mseto, ikiwezekana katika kidonge kimoja. Sababu zake ni njema. Dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hushusha shinikizo la damu vizuri kuliko dozi kubwa ya dawa moja, na mwenye kidonge kimoja hasahau upesi kama mwenye vitatu.

Lakini neno "mseto" wengi wetu tulilizoea katika dawa ya malaria, ambayo humezwa siku tatu ikaisha. Dawa ya shinikizo la damu si hivyo. Kwa kawaida ni ya maisha, na anayeiacha kwa kuwa anajisikia mzima anajidanganya, maana ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Kiharusi hakibishi hodi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya waganga, wala hayaihusu Tume ya Haki na Amani. Hatukubaliani nao. Kumpa mtu dawa bila kumweleza ni kumfanya chombo cha kutiliwa vitu, na huo ni upungufu wa haki. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: ndani ya kidonge hiki mna dawa gani? Niache ipi kati ya zile za zamani? Nirudi lini kupimwa presha, na figo pia?

Tena ana haki ya kuonywa. Mama mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, amweleze daktari mapema, kwa sababu lisinoprili, losatani na telmisatani humdhuru mtoto tumboni. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua ovyo kwa maumivu ya mgongo, zaweza kupandisha presha na kuumiza figo zikikutana na dawa hizi. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, mgonjwa asimeze tena kidonge hicho, akimbizwe hospitali mara moja. Akiharisha au kutapika sana, awahi zahanati apate shauri kuhusu dawa zake. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa mara moja. Wala tusiazimane vidonge. Kugawana ni fadhila, lakini dawa ya presha si chumvi ya kuombwa kwa jirani.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: mnapomtembelea mgonjwa, msiishie kumwombea. Kama hajui kusoma, mwombeni ruhusa, zikusanyeni pakiti zake zote katika mfuko mmoja, mkampeleke nazo zahanati, zikaguliwe na mwenye ujuzi. Msimwachishe wala kumbadilishia dawa kwa akili zenu. Nanyi mnaohudumu katika zahanati na maduka ya dawa, dakika mbili za maelezo kwa lugha anayoielewa mgonjwa ni sehemu ya tiba, si hisani. Na wenye mamlaka wahakikishe kwamba kidonge kimoja badala ya vitatu hakiwi anasa ya wenye nacho, kwa maana dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao haimlindi maskini.

Mama yule alipelekwa zahanati na binti yake, akabaki na pakiti moja. Alituuliza swali moja tu: "Kwa nini hawakuniambia?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Tusikubali mwingine aulize hivyo.