Filamu moja, dawa moja, na barafu ya samaki

Wenzangu, leo nataka tubishane juu ya dawa ya kusafishia picha. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Subirini kwanza niwaeleze nilivyoharibu.

Kulikuwa na bibi mmoja hapa Port Bell, alikuwa anauza mukene karibu na njia ya reli. Sisi wa Kivu tulimzoea juu alikuwa anatuuliza habari za nyumbani kama vile tumetoka jana. Alipopata safari ya Marekani, alikubali nimpige picha kabla hajaondoka. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, ziwa liko nyuma yake, saa nne asubuhi. Nilimaliza roli nzima, picha 36. Siku tatu baadaye akapanda ndege.

Ile roli niliiua mimi mwenyewe, ndani ya dakika sita.

Filamu ilikuwa HP5 Plus ya Ilford. Dawa ilikuwa Rodinal, ile ya zamani ambayo imeanza kuuzwa tangu 1891. Kwenye jedwali nikaona: sehemu moja ya dawa kwa 25 za maji, dakika 6. Nikafanya hivyo. Kumbe jedwali linasema nyuzi 20, na maji ya mtungi wetu, nilivyokuja kupima baadaye, yalikuwa 26. Kila nyuzi moja ikipanda, muda unatakiwa upungue karibu sehemu moja ya kumi. Yaani niliipika ile filamu karibu mara mbili. Negativu zikatoka nyeusi kama makaa. Kile kitambaa cheupe na lile ziwa vimekuwa kitu kimoja, huoni mpaka uko wapi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapobisha. Kosa langu la kwanza halikuwa kipimajoto. Hata ningepima, hesabu ingeniambia nitoe dawa baada ya dakika tatu na kitu, na muda mfupi hivyo ni hatari: dawa haijatembea sawa ndani ya tangi, unapata mabaka. Ukishuka chini ya dakika tano umeingia kwenye bahati nasibu. Kwa hiyo dawa kali vile, kwenye maji yetu ya hapa, haikufaa kabisa tangu mwanzo. Mimi niliichagua kwa sababu ndiyo ilikuwa kwenye sanduku.

Na sanduku lenyewe, ndugu zangu wa mashirika, naomba tuongee bila kukasirikiana. Lilitoka kwa watu wenye roho nzuri, nawashukuru. Lakini ndani kulikuwa na filamu za kila kabila: Tri-X mbili, FP4 tatu, HP5 nne, nyingine zimepita tarehe miaka mingi, na chupa mbili za dawa zilizofunguliwa. Kijana anayejifunza anapiga roli ya kwanza na hii, ya pili na ile. Ikitoka mbaya hajui kama ni filamu, ni dawa, ni joto au ni mkono wake. Anaanza upya kila mara. Mwishoni anasema "mimi sina kipaji" na anaacha. Nimeona watatu wakiacha hivyo.

Mimi nasema kikundi kichague filamu moja na dawa moja, na tukae nayo mwaka mzima. Chaguo langu ni HP5 Plus na ID-11 ya unga, ukishaichanganya unaiongeza maji kiasi sawa na yenyewe. ID-11 ni kama pacha wa D-76 ya Kodak, kwa hiyo yule anayejua moja hatapotea kwenye nyingine. Kwa nyuzi 20 inataka dakika 13. Ukiwa kwenye 24 ni karibu dakika 9. Hapo kuna nafasi ya kupumua. Ukichelewa sekunde 15 hujaua mtu.

Kufika 24 tunaweza. Wauza sangara pale chini wana barafu. Weka kidogo kwenye beseni, chupa za dawa ndani, subiri. Beseni litanuka samaki lakini filamu hainuki. Sitaki tulazimishe 20, juu maji ya kuoshea nayo lazima yawe karibu na joto hilo hilo, na hatuna barafu ya kupoza ndoo nzima.

Sababu nyingine ni nyuso zetu. Hii najua wengi hawaiwazi wakiandika majedwali. Sura nyeusi, kitambaa cheupe, ziwa linalong'aa nyuma: hapo filamu inavutwa pande mbili. Kwenye giza la shavu, kinachoamua ni mwanga ulioingia kwenye kamera. Upande wa weupe unaamuliwa zaidi na muda wa dawa. Kwa hiyo pimeni mwanga kwenye shavu, si kwenye ziwa. HP5 inavumilia mwanga ukizidi kidogo, ukipungua haisamehe. Halafu ile ID-11 iliyoongezwa maji inatuliza weupe usiungue. Rodinal inachonga chembechembe vizuri, napenda, lakini inakula kidogo kwenye giza, na kwenye giza ndipo tulipo sisi.

Wapenzi wa Rodinal wana hoja moja ambayo siwezi kuipangua: chupa yao inakaa miaka. Yetu ya unga ikishachanganywa inakaa kama miezi sita, tena chupa iwe imejaa mpaka shingoni. Basi tugawe lita moja kwenye chupa ndogo za kahawia. Port Bell ndio nyumbani kwa bia, chupa hazikosi! Lakini ziandikwe SUMU kwa herufi kubwa, watoto wapo. Roli moja inakula mililita 150 za ile uliyochanganya, kwa hiyo lita moja ni roli sita.

Kuna wanaouliza kwa nini filamu wakati simu ipo. Mwaka 2015, hapa Kampala, kwenye shirika la utangazaji la taifa, zilipatikana negativu kama 70,000, nyingi za wakati wa Amin, na nyingi hazikuwa zimewahi kuchapwa hata mara moja. Mwaka 2019 watu wakaenda kuziona Uganda Museum. Mimi simu yangu ya Bukavu, na picha zote za mama yangu, iliishia mpakani.

Mjukuu wa yule bibi alibaki hapa. Aliniuliza picha, nikamwonyesha ile negativu, akaiinua kwenye dirisha akaangalia muda mrefu. Akasema anaona sikio.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, kabla ya kutuma sanduku lingine tuulizeni. Roli kumi za aina moja zinatusaidia kuliko arobaini za mchanganyiko. Vijana, Jumamosi tukutane saa tatu. Barafu nitaleta mimi, nyinyi leteni chupa, na zioshwe.