Bosi wa Mabamba, Weka Uzio Kwanza Ndiyo Upige Picha na Swimingi

Kuna bosi mmoja hivi, jina kapuni. Mtoto wa Mabamba, Kibondo, kule mpakani na Burundi. Katoboa mjini, maokoto yapo, na kama watoto wengi wa Kigoma waliotoboa, karudi kujenga kwao. Mpaka hapo heshima zake. Wapo wanaopata hela kidogo tu wanaanza kujifanya wamezaliwa Mbezi Beach.

Nyumba imesimama. Bati la rangi, madirisha ya alumini, geti bado. Halafu ndiyo ikaja posti iliyowasha moto: klipu ya sekunde kama arobaini, shimo la mstatili nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umerundikwa pembeni, muziki juu, na maandishi makubwa, "Swimingi ya kwanza Mabamba". Machawa wakajaa kwenye komenti. "Bosi hatari." "Mwisho wa reli sasa Dubai." (Reli yenyewe inaishia Kigoma mjini, Kibondo haijawahi kuona behewa, ila sawa.)

Sasa irudie hiyo klipu taratibu. Karibu na mwisho, upande wa kushoto, kuna mtoto. Yuko peku, kaptula imechanika, miaka minne au mitano hivi, kasimama ukingoni kabisa anachungulia chini. Hakuna mtu mzima karibu yake. Hakuna uzio, hakuna kamba, hakuna hata mti uliolazwa kumzuia. Kamera ikampita kama vile imepita ndoo.

Hiyo ndiyo mada ya leo. Wivu haumo.

Shimo lile lilichimbwa kiangazi, vijana wa kijijini wakapewa vibarua, picha zikapigwa. Kisha bosi akarudi mjini na kazi ikalala. Zege halijamwagwa, nondo hazijafika. Na Kibondo mvua hazisubiri bajeti ya mtu. Zikianza kuelekea Novemba zinapiga mpaka Aprili, Mei. Shimo limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, huoni chini kuna nini. Majirani wanasema mbuzi mmoja kashatolewa humo kwa kamba, na walihitajika wanaume watatu. Mbuzi ana miguu minne na alilia mpaka akasikika.

Mtoto halii. Watu wengi hawalijui hili kwa sababu wamezoea muvi, mtu anazama huku anapunga mikono na kupiga kelele. Anayezama kweli, hasa mtoto mdogo, anapambana kupata pumzi, hana pumzi ya ziada ya kuitia mama. Ni suala la dakika chache. Mama anamenya muhogo upande wa pili wa nyumba na hasikii kitu.

Halafu angalia lilivyo shimo lenyewe. Kuta zimenyooka, hakuna ngazi, na udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni. Hata mtu mzima asiyejua kuogelea akitumbukia upande wenye kina hatoki mwenyewe. Na ni nani Mabamba anajua kuogelea? Hawa siyo watu wa Ujiji waliokulia ziwani. Huku ni milimani, maji ya watoto ni ya kisima na vijito. Mlinzi aliyeachwa kulinda nyumba naye hajui. Akimwona mtoto ndani ana mambo mawili tu: kupiga yowe, au kuruka wazame wote.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2024, lilisema watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi wako kwenye nchi za kipato kama chetu. Umoja wa Mataifa ukaweka kabisa na siku yake, Julai 25 kila mwaka. Mabamba siku hiyo inapita kama Jumatatu nyingine.

Mtu atasema hayo ni ya maskini wasio na ulinzi. Haya, twende kwa mastaa. Mwaka 2018, mwezi Juni, bingwa mmoja wa Marekani wa kuteleza kwenye theluji, mwenye dhahabu ya Olimpiki kabatini, alimpoteza binti yake wa miezi 19 kwenye bwawa la kuogelea la jirani huko California. Hela ipo, madaktari wapo, magari ya wagonjwa yanakuja kwa simu moja. Mtoto alitoka nje ya macho ya wakubwa kwa muda mfupi tu. Kule bwawa lilikuwa na maji masafi unaona mpaka sakafuni. Hili la Mabamba ni tope.

Ndiyo maana wenzetu wameacha kubembelezana. Ufaransa ilipitisha sheria Januari 2003: bwawa la kuchimbwa ardhini nyumbani kwa mtu lazima liwe na kinga, ama uzio, ama king'ora, ama kifuniko, ama banda la kulizungushia. Kule New South Wales, Australia, uzio wa bwawa usipungue mita 1.2 kwenda juu, na geti lijifunge lenyewe. Haijalishi wewe ni staa au ni fundi bomba. Hayo ni mabwawa yaliyokwisha kujengwa, yana mwanga na taili. Huku tunazungumzia shimo.

Sasa turudi kwenye komenti, maana wapo waliojibu wakati watu wawili watatu walipogusia jambo hili. Jibu la kwanza: "Una roho mbaya, unaona wivu mtu akifanikiwa." Hilo halijibiki. Uzio wa miti na mabati haumpunguzii mtu utajiri. Bosi huyohuyo kaweka senyenge kuzunguka matofali yake yasiibiwe! Senyenge ipo, imezunguka matofali. Shimo liko nje ya senyenge.

Jibu la pili lina akili kidogo: "Mbona vijijini mashimo ya kufyatulia tofali yamejaa kila mahali na hamsemi?" Kweli yamejaa. Nayo yanaua, na waliochimba wanastahili kusemwa vilevile. Ila shimo la tofali halina matangazo. Hakuna aliyewaambia watoto wa kijiji kizima kwamba pale kutakuwa na maji ya bluu ya kuchezea. Hili la bosi limeoneshwa kwenye kila simu, watoto wanalijua, wanaenda kuliangalia wakitoka shule kama wanavyoenda kuangalia katapila.

Jibu la tatu: "Bosi akirudi atamalizia." Atarudi lini? Na akimalizia ndiyo shida inaanza upya, kwa sababu inaonekana hakuna aliyempigia hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, linameza lita 48,000. Hayo ni madumu 2,400 ya lita ishirini. Baiskeli inayobeba madumu matano kwa mkupuo itakwenda na kurudi mara 480. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia dumu moja kwa siku, maji hayo yanawafikisha siku 400. Akina mama wanaoamka alfajiri kupanga foleni kisimani wanaijua hesabu hii bila kalamu. Na kama mpango ni kuchimba kisima kirefu au kuvuta maji mtoni kwa pampu, sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na upande huu wenye kutoa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Kwenye klipu hakuna aliyelitaja hilo.

Likishajaa, linataka kutunzwa kila siku. Maji lazima yazungushwe kwenye chujio la mchanga. Pampu ya robo tatu ya kilowati ikiwaka saa nane kwa siku inakula uniti 180 kwa mwezi, wakati mteja wa chini wa TANESCO anapewa bei nafuu akiwa ndani ya uniti 75. Klorini lazima ipimwe, haimwagwi kwa kukadiria kama chumvi ya mboga. Umeme ukikatika siku chache au kijana wa kazi akisahau dawa, maji yanageuka kijani, na hapo umewafugia mbu mkoa mzima wa Kigoma. Jua la Julai na Agosti nalo linanyonya. Likinyonya milimita tano kwa siku, ni madumu manane yamepotea hewani kila siku na hakuna aliyeoga.

Na wengine wanajenga kwa tofali za kuchoma halafu wanapiga plasta, eti fundi kasema itashika. Maji ya lita 48,000 yana uzito wa tani 48. Ukuta wa tofali bila zege la nondo utapasuka, maji yatakimbilia chini ya msingi wa nyumba hiyohiyo yenye bati la rangi. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wanaliacha bwawa hivyohivyo, na masika yanalijaza tena bure.

Halafu (hili ni la pembeni) nani ataoga? Kibondo ni nyanda za juu, asubuhi ya Juni watu wanatembea na makoti. Bosi ataingia mpaka magotini, atapigwa picha, atatoka akitetemeka. Watakaoingia kweli ni watoto, mchana, wakubwa wakiwa shambani.

Hakuna anayemkataza mtoto wa Mabamba kuwa na swimingi. Mbona mjini wanazo. Kijana aliyekulia kwenye muhogo na maharage akitaka kuogelea uwani kwake ni haki yake, jasho ni lake. Tena angelijenga vizuri, akaleta mtu wa kufundisha watoto wa pale kuelea na kuogelea siku za Jumamosi, angekuwa amefanya kitu ambacho hakuna bosi mwingine wa ukanda ule kafanya. Kuelea mgongoni mtoto anaweza kufundishwa, na kunaokoa.

Ila hilo ni la baadaye. La sasa ni shimo lililo wazi. Na mwenyekiti wa kijiji analipita akienda mikutanoni, diwani analijua, viongozi wale wale waliopiga naye picha siku ya kuchimba wakiwa wameshika majembe mapya. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mwanangu, funika hili." Wanaogopa kukosa soda siku ya uzinduzi.

Kinachotakiwa hakihitaji mkandarasi kutoka Dar. Nguzo za mkaratusi, mabati yaliyosimamishwa wima yasiwe na pa kukanyagia, kwenda juu zaidi ya mita moja na robo, pande zote nne. Mlango mmoja, komeo juu ambako mkono wa mtoto haufiki. Rundo la udongo lisogezwe mbali, maana likiegemea uzio linakuwa ngazi. Kamba ndefu na boya, hata dumu tupu lililofungwa kamba, vining'inizwe pale mlinzi anapokaa. Kama hela ya kumalizia haionekani mwaka huu, udongo uko palepale pembeni, vijana wale wale waliochimba wanaweza kuurudisha shimoni, na siku bosi akiwa tayari watachimba tena na watalipwa tena.

Gharama yote hiyo haifiki ile ya spika zilizoletwa siku ya kuchimba. Vijana wa Mabamba waliomo kwenye magrupu ya WhatsApp na bosi huyu wanajijua, na namba yake wanayo. Wampelekee ile klipu, wamwambie aisimamishe karibu na mwisho, aangalie upande wa kushoto.