Mawe ya Figo na Mshahara Wetu



Sisi wa Kanyangi tufanyao kazi ya reli twalijua jua kali na kiu yake. Maji yakipungua mwilini, chumvi za mkojo hugandamana zikawa mawe ndani ya figo. Zamani dawa ya jiwe kubwa ilikuwa kisu. Tangu 1980, kule Munich, Ujerumani, madaktari waliweza kulivunja kwa mawimbi ya sauti bila kupasua mwili. Vipande hutoka kwa mkojo. Si kila jiwe lafaa, lakini mengi yafaa.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya SHA. Basi twadai mawili: maji ya kunywa kazini, na matibabu hayo pasipo mgonjwa kuuza ng'ombe ili afike Nairobi.

Umoja ni nguvu.