Binti akichagua fiziolojia badala ya udaktari

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, chumba changu cha kliniki hugeuka kidogo kuwa ofisi ya ushauri. Mzazi anamaliza kueleza presha yake, anakunja karatasi ya dawa, kisha anauliza: “Daktari, mwanangu amesoma PCB, aende wapi?”

Safari hii mama mmoja alikuja akiwa amekasirika. Binti yake amefaulu vizuri, lakini anasema hataki kuzunguka wodini, anataka kuwa mtaalamu wa fiziolojia. “Yaani nimemsomesha miaka yote hii akawe mtu wa kukanda viungo?”

Tuanzie hapo, maana wengi huchanganya. Anayemsaidia mgonjwa wa kiharusi atembee tena ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yake ni zaidi ya kukanda. Fiziolojia ni elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: moyo unavyosukuma damu, figo zinavyochuja, utumbo unavyofyonza maji. Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kinavyokuwa kikiwa kizima.

Chukua pakiti ya ORS unayompa mtoto anayeharisha. Mwaka 1960 mtafiti wa Marekani, Robert Crane, alieleza kuwa katika utumbo mwembamba sukari na chumvi huingia mwilini kwa kushikana mikono, na maji hufuata. Hakuwa akitafuta dawa ya kuharisha. Lakini mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka kwenye kambi za wakimbizi wa Bangladesh nchini India, Dk Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi wanywe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya vinne.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Madaktari tulifundishwa kuwa mtoto wa aina hiyo aongezewe maji ya dripu haraka. Utafiti ulionyesha kinyume: ndani ya saa 48 walifariki kama 10 na nusu katika kila 100 ya waliopewa maji ya haraka, na saba hivi katika kila 100 ya wasiopewa. Waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo, hivyo usikatae dripu ya mtoto wako kwa sababu ya makala haya. Lakini swali la “kwa nini” liliwarudisha watafiti kwenye fiziolojia ya moyo, mapafu na chumvi za damu.

Kama kazi hii ina uzito huo, kwa nini vijana wetu wanaikwepa?

Jibu ni fedha na heshima. Daktari wa wagonjwa akitoka kazini jioni anaweza kuongeza kipato hospitali binafsi. Mwalimu wa fiziolojia hana foleni ya wagonjwa inayomsubiri. Hata ukweni ataulizwa, “Kwa hiyo wewe si daktari kamili?” Mimi mwenyewe nilipomaliza shahada niliifikiria njia hiyo, nikahesabu ada za wadogo zangu, nikaenda wodini.

Wakati huohuo vyuo vya udaktari vimeongezeka. Mwaka 1963 tulianza na kimoja Dar es Salaam. Leo kuna Moshi, Mwanza, Dodoma na vingine vya binafsi, na kila mwanafunzi lazima apite kwenye fiziolojia kabla ya kukabidhiwa mgonjwa. Mwalimu wa upasuaji unaweza kumwazima hospitali ya jirani. Wa fiziolojia utamwazima wapi? Akikosekana, kijana hukariri vipimo vya dawa bila kuelewa mwili, na anayelipa gharama hiyo ni wewe mgonjwa.

Ndiyo maana sikumwambia yule mama amlazimishe binti. Wala sikumwambia ampe baraka akiwa amefumba macho. Nilimpa maswali matatu ya kukaa nayo wakiwa wawili. Je, atapitia wapi? Hapa nchini wengi huanza na udaktari wa tiba au shahada ya sayansi, ndipo husoma uzamili wa fiziolojia. Nani atalipia uzamili huo? Na je, anapenda kufundisha na kutafiti, au anakimbia tu damu na harufu ya wodi? Kama ni kukimbia, maabara nayo ina damu.

Upande wa serikali na vyuo, kuhimiza vijana kwa maneno hakutoshi. Wapeni ufadhili wa uzamili na posho itakayomfanya mwalimu wa sayansi hizi abaki darasani.

Mama yule aliondoka hajaridhika sana. Ila mlangoni aligeuka akauliza, “Kwa hiyo wewe ulifundishwa na watu hao?” Nikamjibu ndiyo, kila ninachokijua kuhusu presha yako kilianzia kwao.