Mungu Anaweza Yote? Waulizeni Watu wa Mwakata

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza utapita Maganzo, mji uliokua kando ya mgodi wa almasi wa Mwadui. Hapo, kama ilivyo Kahama, Geita na Nyarugusu, kuna sentensi moja inayotangulia kila kazi na kufunga kila msiba: Mungu anaweza yote. Hubandikwa nyuma ya bajaji na hutangazwa kwa spika kwenye mikesha. Wakristo wanaisema kwa maneno yao na Waislamu kwa yao. Mchimbaji huitamka kabla ya kushuka duara, yaani shimo la machimbo, na mjane huambiwa hiyo hiyo siku duara linapomfukia mumewe.

Nasema wazi: kwa maana wanayoikusudia walio wengi, sentensi hiyo haisimami. Haisimami kwa hoja, wala haisimami mbele ya makaburi ya mkoa huu. Na kwa kuwa haisimami, ni kosa kuitumia kuwanyamazisha watu walioumia.

Wanafunzi wa sekondari wanalijua swali hili: je, Mungu anaweza kuumba jiwe zito ambalo yeye mwenyewe hawezi kuliinua? Akiweza kuliumba, kuna jiwe linalomshinda kuinua. Asipoweza, kuna jiwe linalomshinda kuumba. Walimu wengi wa dini huliona swali hili kuwa utovu wa adabu na kumfokea anayeliuliza. Wanamwonea, maana vigogo wa elimu ya dini wenyewe hawakuyakwepa maswali ya namna hii. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba lisilowezekana haliingii chini ya uwezo wowote, na lisilowezekana ni lile linalothibitishwa na kukanushwa kwa pamoja. Zaidi ya karne moja baadaye Thoma wa Akwino alifika hapo hapo: jambo linalojipinga lenyewe si jambo, kwa hiyo kutolifanya hakumpunguzii Mungu chochote. Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, George Mavrodes, alilijibu swali la jiwe kwa njia hiyo. Jiwe lisiloweza kuinuliwa na anayeweza kuinua kila kitu ni maneno matupu, sawa na kutaja pembetatu yenye pembe nne.

Ni jibu zuri, nalikubali. Lakini angalia gharama yake. Kuanzia hapo hatusemi tena kwamba Mungu anaweza yote. Tunasema anaweza yale yanayowezekana, na mpaka wa yanayowezekana hakuuchora yeye. Ongeza na hili: Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Mungu hawezi kusema uongo. Hawezi kufa, hawezi kusahau, hawezi kutenda dhambi. Wanateolojia husema huo ni ukamilifu, si upungufu. Sawa. Basi na watamke hivyo madhabahuni, kwa sauti ile ile wanayotumia kusema "yote". Hawatamki. Sentensi yenye mipaka hubaki vitabuni na seminari, halafu kwa mchimbaji wa Maganzo hupelekwa isiyo na mipaka, kwa sababu hiyo ndiyo inayojaza mikutano.

Sasa twende kwenye mdomo wa duara. Limetitia usiku. Asubuhi wanawake wamekaa chini kwenye vumbi, khanga zimefunika mabega, wanaume wanavuta kifusi kwa ndoo na kamba. Daftari la walioshuka zamu ya usiku halijapatikana. Mama mmoja hajui kama mwanawe alishuka au alilala kwa rafiki, na anaomba jambo moja tu: Mungu wangu, mwanangu asiwe humo.

Tulitazame ombi hilo kwa heshima, kwa kuwa ni ombi la kweli kuliko mengi yanayotolewa kwenye majukwaa. Duara limeshatitia. Mtoto ama yumo ama hayumo. Mama haombi kitu cha kesho. Anaomba jana iwe vingine. Aristotle alimnukuu mshairi Agathon akisema kwamba hata Mungu amenyimwa uwezo huo mmoja, wa kufanya lililotendeka liwe halikutendeka. Katika karne ya 11 mtawa Petro Damiani aliandika waraka mzima kuhusu uweza wa Mungu, na ndani yake akahangaika na swali kama Mungu anaweza kufanya mji wa Roma uwe haukuwahi kuwapo. Thoma alikata shauri kwamba hapana, jana haibadilishwi, kwa sababu kuibadilisha ni kujipinga.

Kwa hiyo teolojia ile ile inayohubiriwa kwenye mikesha inajua, kimya kimya, kwamba mama yule anaomba lisilowezekana hata kwa Mungu. Na bado anayesimama pembeni yake na Biblia mkononi anamwambia, mama, usilie, Mungu anaweza yote. Huo ni ukatili, hata kama msemaji hakukusudia. Mama anakabidhiwa tumaini ambalo aliyelitoa angelikana darasani. Na kifusi kikishaondolewa na mtoto akakutwa humo, mama hatailaumu sentensi. Atajilaumu mwenyewe kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye duara anayenunua mafuta ya upako ili mwamba wake "ushike" dhahabu. Miamba ya Geita ina zaidi ya miaka bilioni 2. Kilichomo kimo, kisichomo hakimo. Mtu atasema Mungu anaweza kuweka dhahabu mpya humo usiku wa leo. Nakubali kwamba hilo halijipingi. Ila kubali nawe kinachofuata: anayeweza kuweka dhahabu ndani ya mwamba usiku mmoja anaweza pia kuushikilia mwamba huo usianguke.

Hapo ndipo swali la jiwe linapoacha kuwa la darasani.

Oktoba 2015 machimbo yaliporomoka Nyangalata, Kahama. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, wanaume watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura na kunywa maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Habari ilizunguka dunia, na wengi wetu tulisema lile lile: Mungu anaweza. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Ikiwa uweza uliwafikia watano, ulikuwa hatua chache kutoka alipolala wa sita. Huwezi kuuandikia uweza huo sifa ya watano halafu jina la wa sita ukalifuta kwenye hesabu. Ama unawajibika kwa wote sita, ama hauwajibiki kwa yeyote.

Miezi saba kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe iliyoambatana na upepo ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Mabonge ya barafu yalitoboa mabati. Kuta za udongo zililoa na kuwaangukia waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwamo. Mifugo ilikufa, mahindi yakalala chini. Ninaitaja Mwakata kwa sababu inafunga mlango ambao watetezi wa uweza wote hupenda kupitia. Wao husema Mungu alimpa binadamu hiari, na uovu unatokana na hiari hiyo. Hoja hiyo ina nguvu kidogo ukizungumzia mauaji ya watu wenye ualbino au ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, maovu ambayo kanda hii inayafahamu kwa aibu. Lakini barafu haina hiari. Wingu halikumkosea mtu wala halikujaribiwa na shetani wa tamaa. Kulisogeza kilomita chache, likamwage mzigo wake porini, si mkanganyiko wa mantiki. Si pembetatu yenye pembe nne. Ni upepo tu. Ukisema Mungu anaweza yote yanayowezekana, basi hili liliwezekana.

Mwanafalsafa J. L. Mackie aliliweka jambo hili mwaka 1955 kwa namna ambayo bado haijajibiwa vya kuridhisha: Mungu mwenye uweza wote, Mungu mwema kabisa, na uovu uliopo kweli, hivi vitatu huwezi kuvishika kwa pamoja bila kuchezea maana ya kimojawapo. Mimi nadhani tunachochezea sisi ni wema. Tunasema lile lilikuwa jaribu, au funzo, au njia ya Mungu ya kuwaleta watu kwake. Jiulize nani anahitaji njia. Mchimbaji hupiga matimba, yaani nguzo za miti, kwa sababu mwamba haumtii. Angekuwa na uwezo wa kuuamuru usimame, angekata mti wa nini? Mwanafalsafa John Stuart Mill aliliona hili katika insha zilizochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake: anayetumia vyombo kufikia lengo anaonyesha kwamba bila vyombo hafiki. Aliyeua watoto wa Mwakata ili kuwafunza wazazi wao, kama kweli ndiye aliyefanya hivyo, hakuwa na njia nyingine ya kufunza. Basi si muweza wa yote. Au alikuwa nayo na hakuitumia. Basi tusimwite mwema kwa maana ile tunayowafundisha watoto wetu.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia kanisani na msikitini: akili ya binadamu ni ndogo, haiwezi kumpima Mungu. Nalichukua kwa uzito, na ndiyo maana nataka litumike kwa haki. Kama akili yetu ni ndogo mno kusema kwamba Mungu hakuweza, ni ndogo mno pia kusema kwamba anaweza yote. "Anaweza" ni neno letu, na "yote" ni neno letu. Mhubiri hawezi kuzitumia akili zetu dakika ya kwanza kututhibitishia uweza, halafu dakika ya pili, swali likiulizwa, azifungie stoo. Anayesema hajui na anyamaze kuhusu pande zote mbili. Ukimya huo ningeuheshimu kuliko mahubiri mengi.

Tena tusidanganyane kwamba kumuuliza mwenye mamlaka ya mvua ni ugeni wa Kizungu. Katika nchi ya Wasukuma mtemi alibeba dhamana ya mvua, na mvua ikikataa kwa muda mrefu aliweza kuondolewa kitini. Wazee waliwaendea masamva, mizimu ya ukoo, kwa mambo ambayo mizimu hiyo iliaminika kuyaweza, na walijua ina mipaka. Mwaka 1970 Okot p'Bitek wa Uganda aliwashutumu wamisionari na wasomi, akiwamo mwenzake wa Kenya John Mbiti, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki: ujuzi wote, uweza wote, kuwapo kote. Unaweza kubishana na Okot kuhusu kabila hili au lile. Lakini alikuwa sahihi kwamba sifa hizi zilifika zikiwa zimeshonwa mahali pengine, na sisi tulizipokea bila kuuliza kama zinakaa pamoja.

Hili si suala la vitabu peke yake. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwenye mkutano wa injili, wakikanyagana kuyawahi mafuta yaliyotajwa kuwa ya upako. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, wakiwamo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wapo walioziacha. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walichukua kwa uzito sentensi waliyofundishwa tangu utotoni.

Na hapa kwetu, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka na tope likafunika mashamba na makazi katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Ukuta ule ulijengwa na watu. Ulikuwa na wahandisi, wakaguzi na mwenye mgodi. Kila jambo la aina hii likiitwa mipango ya Mungu, kuna mtu mwenye ofisi na mshahara anayepumua. Linganisha na yale ya mwaka 2021, pale, baada ya watu 71 waliodai kuumizwa na walinzi wa mgodi huo huo kwenda kisheria London, kampuni ya Petra Diamonds ilipofikia makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila kukiri kuwajibika. Waliolifikisha pale ni watu waliokataa kuambiwa kwamba yaliyowapata yamepangwa.

Simwombi mtu aache kusali. Anayetaka kumwamini Mungu anayeomboleza pamoja na watu wa Mwakata, ambaye hakuweza kulizuia wingu, na amwamini. Imani hiyo ina heshima na haijipingi. Ninayemkataa ni Mungu yule wa mikesha, mwenye uweza usio na mpaka siku ya kupokea sadaka na asiyeulizwa chochote siku ya maziko.

Wachungaji, mapadri na masheikh wa Kishapu, Kahama na Geita, mtaitwa tena kwenye duara lililotitia. Nendeni. Kaeni na wafiwa, pelekeni uji, chimbeni kaburi. Msiwaambie kwamba Mungu anaweza yote na kazi yake haina makosa. Mwiteni mwenye duara, mumuulize matimba yalikaguliwa lini na aliyeyakagua ni nani, na jibu lake lisomwe mbele ya waombolezaji kabla jeneza halijateremshwa.